Kura Iliyopotea Maktabani

Kila asubuhi Nildo alikuwa mtu wa kelele. Akishamaliza kuskus yake ya mahindi na yai, alisimama chini ya dirisha la binamu yake Jussara na kupiga mluzi mpaka majirani wamlaani. Mtaa wao mjini Caruaru haukuhitaji saa ya kuamshia watu. Lakini Ijumaa ile hakupiga mluzi. Alimkuta Jussara tayari yuko mlangoni, macho yamevimba kwa kulia.

Siku iliyotangulia, shule yao ilikuwa imemchagua rais wa wanafunzi. Hawakunyoosha mikono. Mahakama ya uchaguzi, inayosimamia kura za nchi nzima, iliwaazima mashine kama zile wanazopigia kura watu wazima: unabonyeza namba ya mgombea, picha yake inatokea kwenye kioo, nawe unabonyeza kitufe cha kijani kuthibitisha. Jussara, namba 91, alishindwa na Lucélia, namba 94, kwa kura tatu tu. Na meneja wa kampeni ya Jussara alikuwa Nildo mwenyewe.

"Dada, hiyo mashine imekuibia," Nildo alisema wakitembea kwenda shuleni.

"Una uhakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu!"

Hakuwa na uhakika hata chembe. Alisema tu kwa kuwa hakupenda kumwona akilia. Lakini maneno hayana breki. Ilipofika saa ya mapumziko, nusu ya shule ilikuwa ikisema mashine ni mwizi, na wafuasi wa Lucélia wakawajibu kwa kuimba, "Asiyekubali kushindwa si mshindani!" Wavulana wawili walikunjana mashati karibu na bomba la maji.

Mwalimu Marinalva, aliyesimamia uchaguzi, aliwatenganisha. Kwa bahati, Bwana Evandir wa mahakama ya uchaguzi alikuwa amefika wakati huohuo kuichukua mashine yake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyekasirika upesi.

"Nani kasema mashine yangu mwizi?" aliuliza.

Vidole vyote vikamwelekea Nildo.

"Safi sana! Nchi inahitaji wabishi. Haya, bwana mdogo, jana kabla ya kura ya kwanza mashine ilichapa karatasi. Ilisemaje?"

"Sifuri kwa kila mgombea," Nildo alikubali. Aliiona kwa macho yake.

"Na baada ya kura ya mwisho?"

"Ilichapa matokeo, yakabandikwa mlangoni. Lakini hapo katikati je? Nani anajua inafanya nini tumboni mwake?"

Wanafunzi wakashangilia. Bwana Evandir naye akapiga makofi.

"Hilo ndilo swali. Kwenye uchaguzi wa taifa tunalijibu hivi: tunachagua mashine chache kwa bahati nasibu, tunazipigia kura za majaribio zilizoandikwa kwenye karatasi. Mmoja anasoma, mmoja anabonyeza, mwingine anahesabu pembeni. Mwisho tunalinganisha. Mashine haijui kama ni jaribio au kura za kweli. Ikiwa na tabia ya kuiba, itaiba mbele yetu."

"Na nani atabonyeza?"

"Wewe. Anayeishuku kuliko wote ndiye aishike."

Wakaingia maktabani. Kila mwanafunzi aliandika 91 au 94 kwenye kikaratasi, yoyote aliyotaka. Mwalimu Marinalva alisoma kwa sauti, msichana mmoja akachora vijiti ubaoni, na Nildo akabonyeza. Simu ya Mama Zuleide, mpishi wa shule, iliegemezwa kwenye vitabu irekodi vidole vyake.

Nildo alianza vizuri. Halafu harufu ya tapioka, chapati za wanga wa muhogo zenye jibini, ikaingia dirishani kutoka jikoni. "Mama Zuleide, niwekee mbili!" alipaza sauti, kichwa kikiwa kimegeuka, vidole vikiendelea na kazi. Darasa likaangua kicheko. Aliporudisha macho, aliiwahi picha ya Lucélia ikitoweka kwenye kioo. Ile karatasi si ilikuwa ya Jussara? Kitufe cha nne kiko chini kidogo tu ya kitufe cha moja. Lakini mwalimu alikuwa ameshasoma karatasi inayofuata, na Nildo akaendelea.

Walipomaliza, ubao ulionyesha sare: kura ishirini na tano kwa kila mmoja. Mashine ikachapa ishirini na nne kwa Jussara na ishirini na sita kwa Lucélia.

Maktaba nzima ikalipuka. "Mwizi! Mwizi!" Nildo alibebwa juu kwa juu. Jussara alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Tuitazame video," alisema Bwana Evandir, na sasa hakuwa akitabasamu.

"Jamani, mnisamehe," alisema Mama Zuleide, aliyekuja kuichukua simu yake. "Simu imezima kabla hamjafika nusu. Chaji."

Mwalimu Marinalva akashusha pumzi. "Kama hakuna maelezo mengine, itabidi nifute matokeo. Tutapiga kura upya."

Hicho ndicho Nildo na Jussara walichokuwa wakikitaka. Kutoka juu ya mabega ya wenzake, Nildo alimwona Lucélia amesimama peke yake kando ya kabati la vitabu, mdomo ukimtetemeka. Msichana huyo hakuwa ameiba kitu. Nildo aliona aibu iliyomchoma mpaka masikio.

"Nishusheni," alisema. "Mwalimu, ni mimi."

"Nyamaza, Nildo!" Jussara alimnong'oneza kwa ukali.

"Siwezi, dada. Nilikuwa namwangalia Mama Zuleide, nikabonyeza nne badala ya moja. Picha niliiona, nikakaa kimya."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe mwizi ni tapioka!" na hata Bwana Evandir akacheka mpaka akashika tumbo.

Wakarudia karatasi zilezile. Safari hii Nildo alilitaja jina lililo kwenye kioo kabla ya kugusa kitufe cha kijani, taratibu mno, hadi wenzake wakalalamika kwamba watazeekea pale. Ubao na mashine vikakubaliana kura kwa kura. Jussara alimfinya Nildo mkono, tena si kidogo, halafu akamwendea Lucélia.

"Hongera, rais. Lakini mwakani nakuja tena."

"Karibu," Lucélia alijibu, akifuta macho. Akamgeukia mwalimu. "Wiki ijayo tunachagua viongozi wa madarasa. Nataka Nildo awe msimamizi."

"Nildo? Huyu wa 91?" wafuasi wake waling'aka.

"Ndiyo. Aliyeweza kusema ukweli uliomwumiza binamu yake, atausema na ukituumiza sisi."

Mwalimu Marinalva aliweka mkono begani kwa Nildo. "Sikilizeni, wanangu. Kushuku si kosa, ndiyo maana tunazipima mashine hadharani. Kosa ni kumtuhumu mtu kwa jambo usilolijua, na kosa kubwa zaidi ni kuujua ukweli ukaukalia. Simu ilipozima, hapakuwa na mwingine aliyejua. Shule hii ina rais wake halali leo kwa sababu mmoja wenu hakukubali kushinda kwa uongo."