Usingizi wa Julius

Siku ya mnada wa Basotu, Benedikta aliinama kuchagua perege, na pindo la kanga yake ya kijani likazama kwenye ndoo ya muuzaji.

"Dada, nauza samaki. Kufua nguo sijaanza," alisema kijana yule. Alikuwa mrefu, sweta lake la kahawia limetoboka kiwiko.

"Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia mapema ungesogea."

Benedikta, binti wa mzee Gehandu, alikuwa akisomea uuguzi mbali na nyumbani na hakuzoea utani. Aliwatazama samaki badala ya kumtazama yeye. Hata hivyo aliondoka na perege wanne na namba ya simu ya kijana huyo, Tadei.

Mwaka mzima walipendana kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Maharage ya chuo."

"Tena? Rudi nikukaangie samaki."

"Nikimaliza masomo."

"Utanikuta sina meno, Bene."

Jumapili moja mchana, sauti ya Tadei ilikuwa nzito. Kaka yake, Julius, aliyerudi kutoka machimbo ya Mererani, alikuwa amelala tangu asubuhi na haamki.

"Amekunywa?"

Tadei alinyamaza kidogo. "Ndiyo. Anakoroma kama mtu anayekabwa."

Kesho yake Benedikta alikuwa na mtihani. "Mwache alale. Pombe itamtoka."

Jioni hiyohiyo ulikuja ujumbe: Julius amefariki. Baada ya hapo simu ya Tadei haikupatikana.

Alipiga kila siku kwa wiki saba. Maktabani alisoma kwamba mtu aliyezidisha unga wa kulevya hukoroma hivyo pumzi zinapomwishia, na kwamba ipo dawa ya kumrudisha akiwahiwa. Akakumbuka kile kimya kifupi. Likizo ilipoanza alipanda gari la Basotu.

Tawi bichi lilikuwa limelazwa kwenye njia ya kwao Tadei. Yeye mwenyewe alitokea, kichwa kimenyolewa, akasimama mbali na tawi.

"Usivuke. Tuko metimani."

Benedikta aliijua desturi hiyo. Kijana akifa, nyumba yake hujitenga. Hakuna kwenda mnadani wala kwa jirani, mpaka wazee waifungue.

"Na simu?"

"Nilikuwa nachaji dukani kwa Zita. Dukani siendi."

Benedikta akakaa kwenye nyasi. "Nilidhani umeniacha. Mimi ndiye niliyesema alale."

"Na mimi ndiye niliyekuambia ni pombe. Alikuwa anajidunga unga. Mama alisema jambo hilo lisitoke nje. Tumewaambia watu ni malaria."

"Ningejua, ningesema mkimbizeni hospitali."

"Huko machimboni alikwenda kutibiwa, muuguzi akamwita teja mbele ya foleni nzima. Hakurudi tena."

Benedikta naye siku moja angevaa sare ya muuguzi.

"Nimeomba kuendelea na chuo kikuu," alisema baadaye. "Nataka kusomea hili, watu kama Julius wasife hivi. Wapokelewe kama mgonjwa mwingine yeyote."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu. Labda minne."

"Ni mingi, Bene."

"Najua."

Tadei alilitazama tawi. "Wakitufungua, nitatuma wazee kwa baba yako. Watasema kwanza Julius alikufa kwa nini, ndipo wataje mahari. Kama ni kukataa, akatae akijua."

"Mama yako atakubali?"

Tadei aligeuka, akaenda ndani. Benedikta alisikia sauti yake ikieleza, kisha kilio cha mwanamke. Hakuondoka.

Mama alitoka peke yake, shuka jeusi mabegani, akaja mpaka karibu na tawi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa yamevimba. "Nilikaa naye pale kitandani, nikamfukuzia nzi. Nilifurahi amepata usingizi. Wewe uliyesoma niambie. Alikuwa anaumia?"

"Hapana, mama," alisema Benedikta. "Hakuumia."

Mama akakaa chini upande wake wa tawi. "Basi niambie na mengine kuhusu huo unga," alisema. "Yote."