Safari ya Saa Kumi na Mbili

Alganesh alikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Gulele, Addis Ababa, akikaanga kahawa. Sanduku lake lilikuwa wazi kando yake. Jumapili angepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Binti yake Tsigereda, anayeishi São Paulo, Brazili, alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Mumewe, Demissew, alisoma tiketi kwa sauti.

"Kuondoka saa nne asubuhi. Kufika saa kumi jioni. Saa sita tu! Basi la Jimma linachukua zaidi."

"Basi sindano ya jioni nitajidunga kwa Tsigereda," alisema Alganesh.

Alganesh ana kisukari. Hujidunga insulini saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kisha hula. Alizifunga chupa za dawa kwenye taulo, akazitia sandukuni.

Jirani yao, Sista Yeshimebet, muuguzi wa kituo cha afya, aliingia kunywa kahawa. Akaona.

"Etiye, mama yangu, dawa inakwenda wapi?"

"Si Brazili? Inakwenda na mimi."

"Haiendi na wewe. Wewe utakaa juu, sanduku litakaa tumboni mwa ndege. Kule kuna baridi kali. Insulini ikiganda imeharibika. Tena utaihitaji njiani."

"Njiani? Si saa sita tu, mwanangu?"

"Nani kasema?"

"Tiketi," alisema Demissew. "Hesabu naijua mimi."

Sista akacheka. "Haya, mpigie Tsigereda. Muulize kwake ni saa ngapi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi jioni. Tsigereda akapokea simu.

"Saa nne asubuhi, baba. Ndiyo kwanza nimemwogesha mtoto."

Demissew akatazama simu, akatazama ukuta.

"Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa sita," alisema Sista. "Jua huanza kwetu, kwao hufika baadaye. Tiketi huandika saa ya kuondoka ya hapa, na saa ya kufika ya kule. Kule ikiwa saa kumi jioni, hapa ni saa ngapi?"

Demissew alihesabu kwa vidole. "Saa nne usiku! Kumbe ni saa kumi na mbili angani!"

"Ndiyo. Ni karibu kilomita elfu kumi. Ndege huenda kilomita mia nane na zaidi kwa saa."

"Mwanahesabu wangu wa basi la Jimma!" Alganesh alimtania mumewe. Kisha akalitazama sanduku. "Ningekuwa juu kule bila dawa."

Kesho yake walikwenda kwa daktari. Aliwapa barua ya dawa na ratiba ya sindano mpaka Alganesh azoee saa za kule. Insulini ikahamia kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na mkate, na peremende za kula sukari ikishuka.

Jumapili, ndege ikiwa juu ya bahari, saa ya Alganesh ilifika kumi na mbili jioni. Aliomba chakula, akatoa sindano. Dirishani jua lilikuwa linawaka.

"Mama, jioni gani hii?" aliuliza abiria wa jirani.

"Jioni ya Gulele," alijibu, akajidunga.

Alifika salama. Sanduku lake halikufika. Aliambiwa asubiri hadi Jumanne.

"Mama! Na dawa yako?" Tsigereda aliuliza mlangoni, macho yamemtoka.

Alganesh aligonga mkoba wake. "Ninayo hapa. Haya, nipe mjukuu wangu."