Nipeni Mji

Jogoo alikata kamba wakati soko limefurika. Upepo wa Singida, ule usiojua kupumzika, ulikuwa unazungusha vumbi na maganda ya alizeti, na Agripina alikuwa ameinama kumfungia mteja mtetea miguu, aliposikia mbawa zikipiga nyuma yake. Kugeuka, jogoo wake mwekundu keshapita chini ya meza ya nyanya, karuka beseni la dagaa, kaingia katika hema la bluu lililosimikwa asubuhi ile mbele ya soko.

"Mkamateni huyo, jamani!"

Ndani ya hema, mwanaume mrefu wa shati jeupe, mikono kaikunja hadi kwenye viwiko, alikuwa ameshika kipaza sauti. "Ndugu zangu, kila mtu, awe tajiri awe maskini, ana haki ya kusikilizwa..." Jogoo akasimama juu ya kiti, akanyoosha shingo, akawika.

Soko zima likaangua kicheko. "Naye ana malalamiko huyo! Mwandikeni!"

Yule mwanaume akaweka kipaza sauti chini, akachuchumaa, akamvizia jogoo kama anavizia mwizi. Mara ya kwanza akakamata hewa. Mara ya pili akaangukia goti. Mwishowe akatoka nje kamshika kwa bawa moja, suruali imekuwa rangi ya barabara.

"Utamvunja," Agripina akasema, akimpokonya. "Kuku hushikwa miguu."

"Unisamehe, dada. Kwetu Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, tumezoea kushika sururu."

"Kumbe Mnyiramba! Ninyi kitu kama hakijafukiwa ardhini hamkiwezi."

"Na ninyi Wanyaturu kuku wenu wana maneno kuliko wenyewe."

Agripina alitaka kucheka, akakuta uso umesahau njia. Alikuwa mwanamke wa makamo mazuri, kitenge cha kijani kimemkaa kiunoni barabara, kilemba kakifunga kwa haraka lakini kimetulia kama kimefungwa na fundi. Watu wa soko walimwita mwenye maringo. Wengine walisema ana ukali. Huyu mgeni alimtazama kidogo tu, akasema neno ambalo hakuna aliyekuwa amelisema.

"Umechoka, dada."

Lo! Mtu akikuambia umechoka nawe kweli umechoka, ni kama amekupokea mzigo kichwani. Agripina akamhamishia jogoo kwapani.

"Hiyo Tume yenu ya Haki za Binadamu," akauliza, "mnamfunga mtu?"

"Hatufungi. Sisi si polisi wala mahakama. Tunapokea malalamiko, tunachunguza, tunapatanisha watu, tunawashauri wenye mamlaka. Wala hatumtozi mtu."

"Mnashauri!" Akacheka kwa pua. "Ushauri ninao nyumbani, umejaa hadi uvunguni."

"Basi tuletee na ule wa uvunguni, tuupepete pamoja."

Jina lake Fabiano. Aliitwa upande wa pili kuendelea na mkutano, na aliyekaa na Agripina nyuma ya hema ni mwenzake, mama mmoja mnene mpole aitwaye Scholastika. Ndiye aliyesikia habari ya Bibi Dorika.

Bibi Dorika ni mama yake Agripina. Alikuwa na nyumba yake katika kijiji kimoja mbele ya Mtinko, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, na shamba la uwele. Mwaka ule walipokufa watu wawili watatu kijijini kwa kufuatana, uongozi ukaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka na vioo na usinga wakidai kufichua wachawi. Lambalamba wakasimama mlangoni kwa Dorika. Kwa nini kwake? Alikuwa mjane, mkunga wa zamani, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Jioni ile ile bati zikang'olewa. Akaja mjini na kanga aliyovaa, na tangu hapo anakaa katika chumba cha kupanga cha binti yake, mlangoni, uso ameuelekeza kaskazini, kilipo kijiji chake, kama mtu anayesubiri basi.

Agripina alikuwa amezunguka ofisi nyingi. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Hilo ni la kimila, dada, malizaneni huko huko.

"Anataka nini mama yako?" Scholastika akamuuliza.

"Anataka kufa kwake. Mimi nataka aishi kwake kwanza."

*

Simu ya kwanza ya Fabiano kutoka ofisini kwake Dodoma haikuwa ya kazi.

"Hujambo, mwenye jogoo?"

"Jogoo tulishamla. Hujambo, mwenye kipaza sauti?"

"Mmemla shahidi wangu!"

"Alikuwa mgumu kama wewe. Tulimchemsha mchana kutwa."

Ikawa hivyo. Akipanga kuku asubuhi, simu inaita. Akirudi nyumbani miguu imevimba, inaita tena. Fabiano naye alikuwa mtu wa kuchoka. Kazi yake ni kusafiri wilaya kwa wilaya akisikiliza vilio, na mchumba wake wa zamani alishindwa kuolewa na begi. Wawili waliochoka wakikutana hawana maneno mengi. Mara nyingine walishika simu tu, huyu anamsikia mwenzake akipumua.

"Umelala, mpenzi?"

"Sijalala. Endelea kunyamaza, napumzika."

Alipopita Singida alikuja na mkate na sukari, akapiga goti mlangoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Huyu ndiye aliyeshindwa na kuku?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi binti yangu hutamweza. Huyu anakimbia kuliko jogoo." Bibi Dorika akacheka, na Agripina akageukia ukutani kufuta macho, maana hakuwa amekisikia kicheko kile tangu wahame.

Jioni walitembea kando ya ziwa Singidani, juu ya mawe yale makubwa, Agripina kavaa gauni la zambarau alilolishonea harusi ambayo haikufungwa. Alimweleza Fabiano yote. Kwamba alikuwa na mchumba, mwalimu mmoja aitwaye Simeoni. Kwamba baada ya lambalamba, Simeoni alipiga simu akasema, kwanza tupumzike kidogo. Akapumzika moja kwa moja.

"Ndugu zake walimwambia uchawi hurithiwa kwa maziwa," Agripina akasema.

"Nami nimekunywa maziwa ya mbuzi. Mbona sijaota pembe?"

Hapo uso wa Agripina ukaikumbuka njia ya kicheko.

Kisha, wiki ambayo Tume ilikuwa imepanga kwenda kijijini, simu ikaita. Sauti ya Fabiano ilikuwa kavu.

"Agri, wenzangu watakuja huko kwenu. Mimi sitakuja."

"Umepangiwa kwingine?"

"Nimepangiwa kwingine. Na tena... mpaka shauri hili liishe, tusipigiane simu. Tusionane."

Agripina akakaa chini juu ya gunia la pumba. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Siwezi kueleza sasa. Niamini tu, mama yangu."

"Usiniite mama yako. Simeoni naye alianza hivi hivi. Tupumzike kidogo!"

"Agripina, nisikilize..."

"Nimekusikiliza vya kutosha. Ulipolisoma jalada ukaona jinsi lilivyoandikwa, mchawi, mchawi, kila karatasi. Unaogopa kuwa mkwe wa Dorika. Sema tu, hukumu hii nimeizoea!"

Akakata. Simu ikaita, akaigeuza kifudifudi juu ya pumba mpaka ikanyamaza.

Hakulia. Kulia kunataka nguvu. Alifunga kuku wake, akaenda sokoni.

*

Mkutano ulifanyika darasani, Jumamosi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Bibi Dorika aliketi mbele kwenye kiti cha mwalimu, kanga mpya ya Agripina begani. Hakuna aliyemsalimia. Vijana aliowapokea duniani kwa mikono yake waliangalia sakafu ili wasimpe shikamoo.

Scholastika akasimama. Alisema wamechunguza, wameongea na watu mmoja mmoja, wameona kwamba mama huyu aliondolewa kwake bila kusikilizwa, na mali yake ikaharibiwa. Tume inapendekeza arudi, kijiji kimjengee nyumba, uongozi ulinde usalama wake.

Mwenyekiti wa kijiji akainua mkono. "Mapendekezo si amri."

"Si amri," Scholastika akasema taratibu. "Yatapanda wilayani na mkoani, na jina la kijiji chako litapanda nayo. Lakini mimi sikuja kumrudisha mama kwa karatasi. Karatasi haiombwi chumvi wala haimchotei mtu maji. Nataka mumrudishe ninyi."

Mzee Hezekia, jirani yake Dorika wa ukuta kwa ukuta, akainuka, ameegemea fimbo.

"Mwanangu alikufa," akasema.

Agripina alikaza meno. Bibi Dorika ndiye aliyejibu, akiwa ameketi.

"Alikufa, Hezekia. Nami ndiye niliyemkata kitovu. Ulininyima hata kumlilia."

Mzee akakaa. Watu wakajikohoza. Mwenyekiti akatazama saa, na Agripina akaona mambo yanaelekea kule kule kwa siku zote: tutalifikiria, tutaitana tena. Akaona atamrudisha mama mjini akafie kwenye chumba cha kupanga. Hapo Bibi Dorika akainua kichwa. Zamani, kabla ya yale mabaya, watoto wote wa kijiji walikuwa wakijaa jikoni kwake kwa sababu moja.

"Kitendawili!" akasema.

"Tega!"

Liliwatoka kabla hawajajua. Darasa zima, hata mwenyekiti. Waliokuwa wameapa kutosema naye walijikuta wamemjibu, wakaangaliana.

"Aliingia kijijini bila miguu, akala bila meno, akashiba akabomoa nyumba."

"Mchwa!" mmoja akasema.

"Mchwa ana meno."

"Njaa!"

"Njaa haishibi."

"Moto!"

"Moto ungewaunguza na ninyi."

Wakakwama. Mtu akacheka kidogo, kwa aibu. Nanyi mnaijua desturi: walioshindwa sharti watoe mji, ndipo waambiwe jibu.

"Nipeni mji," Bibi Dorika akasema.

"Chukua Mtinko!"

"Siutaki. Nitafanya nini Mtinko?"

"Chukua Singida!"

"Nimeshakaa huko. Kule napishana na pikipiki, nimechoka."

"Basi chukua Dodoma yote, na ofisi zake!"

"Siutaki."

Upepo ukagonga bati. Mzee Hezekia akainuka tena, safari hii bila fimbo, ameshika dawati.

"Chukua huu," akasema. "Chukua wako, Dorika."

Bibi Dorika akaiweka kanga vizuri begani. "Nimeuchukua," akasema. "Jibu lake ni maneno."

*

Watu walipotoka kwenda kupima kiwanja, Agripina alibaki darasani. Scholastika akaja kukaa naye kwenye dawati, wakabanana.

"Mwenzako umeshampa habari?" Scholastika akauliza.

"Mwenzangu yupi? Yule aliyemwogopa mama yangu?"

Scholastika akamgeukia. "Nani kakuambia hivyo? Fabiano mwenyewe ndiye aliyeomba atolewe kwenye shauri hili. Alisimama mbele ya mkubwa wetu akasema, yule binti nampenda, siwezi kumsikiliza mama yake kwa sikio la kazi. Angekuja leo, yule mwenyekiti angesema Tume imemleta mkwe. Kila kitu kingeanguka, na mama yako angebaki mjini."

Agripina akajifunika uso kwa kanga. "Mbona hakusema?"

"Hilo kamuulize. Mwanaume akipewa siri ya ofisi huificha hata nguo zake zisiijue."

*

Hakumpigia. Aliona haya, tena kulikuwa na matope ya kukanyaga, miti ya kukata, bati za kupigilia. Kijiji kilijenga shingo upande mwanzo, kisha kikajenga kwa nyimbo. Tume ikalifunga jalada. Siku ambayo Bibi Dorika aliwasha moto katika nyumba yake mpya, mchana jua kali, pikipiki ilisimama uani. Fabiano akashuka, shati jeupe limekuwa la udongo, uso umekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maliza ugomvi wako huko nje, mimi napika." Akaingia ndani na mwiko wake.

Agripina hakuinuka kwenye mkeka. "Ungesema neno moja tu."

"Ningesema moja, ungeuliza la pili, nami ningejibu. Sijui kukunyima. Nilidhani utaelewa."

"Nielewe nini, kwa maneno yale yale ya Simeoni?"

Fabiano akavua kofia. "Hilo sikulifikiri. Nimelifikiri baadaye, kila siku. Nisamehe, Agri."

"Nami nilikuita mwoga. Nisamehe."

"Uliniita na mengine."

"Hayo sijayaombea msamaha bado." Wote wawili wakatabasamu, tabasamu la watu waliotembea mbali kwa miguu.

Akachuchumaa mbele yake. "Wajomba zangu wapo tayari kuja kujitambulisha. Nimekuja kwanza kuuliza mwenyewe. Utakubali nikuoe, Agripina?"

Agripina akamtazama. Akatazama mlango mpya wa mama yake, na moshi uliokuwa ukitoka. Mwili wote ukamlegea, tangu kisogo hadi nyayo, kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Naomba nilale kwanza," akasema.

"Lala. Nipo."

Akajilaza pale pale, kanga usoni. Alilala usingizi asioujua tangu zile bati zing'olewe, usingizi usio na sikio mlangoni. Alipoamka kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye mkeka. Fabiano alikuwa ameketi ukutani, amepewa ungo na Bibi Dorika, anapepeta uwele vibaya sana, nusu yake chini.

"Unaumwaga wote, mpenzi," Agripina akasema.

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akaketi, akafunga kilemba chake polepole, akajifuta vumbi shavuni.

"Haya. Nimelala," akasema. "Sasa niulize tena."