Chaja Isiyojua Kushiba

Waya ulikuwa umefungwa kwa raba, plagi imelala juu ya kioo, haijachomekwa popote, lakini taa ya ile chaja ilikuwa inawaka nyekundu.

Wening ndiye aliyeiona kwanza, alasiri, akipangusa meza ya duka la mumewe. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao, pale kwetu Kepanjen: kabati la sigara za umeme, chupa za maji ya ladha ukutani, betri, chaja, na kochi la vijana wasio na haraka kukaa wakipuliza mvuke.

"Mas," akamwita, kama kwetu anavyoitwa kaka au mume, "hii umeichomeka wapi?"

Yanuar, mumewe, aliitazama, akaitupia kitambaa. "Ina umeme wa akiba. Iache hapo."

Uongo mtupu. Chaja ina akiba gani? Hata mimi nisiyevuta najua. Lakini Wening alikuwa na tempe, vipande vya soya, inayokaangika jikoni, akaondoka.

Yanuar alikuwa na chaja mbili za aina hiyo, na moja alikuwa amemuuzia Danang, dereva wa pikipiki wa mtaa wa nyuma. Siku ya kuinunua, Danang alikuja na betri zake za sigara ya umeme zimechanganyika na funguo mfukoni, plastiki yake imechunika mpaka chuma kinaonekana. Akawekewa chaja mbili tofauti mezani, akakuna kichwa.

"Mas, nichukue ipi? Mimi hivi vitu sivijui, nakutegemea wewe."

Moja hujizima yenyewe betri ikijaa. Nyingine, ya aina ile aliyoiona Wening, taa yake hugeuka kijani kana kwamba imemaliza, kumbe umeme bado unaingia tu. Na hiyo ya pili Yanuar alikuwa amechoka kuiona ikishika vumbi dukani.

"Chukua hii. Ina nafasi nne."

"Naweza kuiacha nikalala?"

"Lala usingizi wako, bwana. Utaamka imejaa."

Kuhusu betri zilizochunika, ambazo hushika moto upesi, hakusema kitu. Angesema, Danang angeahirisha kununua. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu kubwa kuliko hiyo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Usiku mmoja, betri zikiwa kwenye chaja, chumba cha Danang kikaungua, mwenyewe amelala ndani. Sasa, usiku ule mama yake, Bu Ngatinah, alikuwa amewasha dawa ya mbu, ile ya duara, akaiweka mlangoni kwa mwanawe kama kila siku. Basi mtaa mzima ukasema ni dawa ya mbu. Mama wa watu naye akaamini.

Kwetu jeneza halinyanyuliwi kabla msemaji wa familia hajasimama uani na kuuliza. Siku ile naye akauliza: "Mwenye jambo lolote baina yake na marehemu, aiambie familia sasa, kijana wetu aende mwepesi." Kwa kawaida watu huinamisha vichwa, kimya, basi. Yanuar alifungua mdomo. Aliufungua kabisa, waliosimama karibu naye waliona. Kisha akamtazama Bu Ngatinah, ameshikiliwa na wanawake wawili, ananong'ona, "Ni mimi, ni mimi niliyemuunguza mwanangu." Akaufunga. Jeneza likaenda zake.

Tangu hapo ndipo taa ya ile chaja iliyobaki dukani ikaanza kuwaka.

Baadaye ikaja harufu. Ilikuja magharibi, mbingu ikiwa ya manjano, saa ambayo watoto huitwa ndani: harufu ya tikiti tamu, ladha aliyokuwa akivuta Danang, na chini yake plastiki iliyoungua. Yanuar akaichukua chaja akaitupa mtoni. Aliporudi aliikuta mezani, raba ile ile, maji yakichuruzika juu ya kioo.

"Mas," Wening akanong'ona nyuma ya pazia, "kuna mtu dukani."

"Hakuna mtu. Nimefunga."

"Yupo. Anauliza kitu. Msikilize."

Yanuar akasikiliza, akatamani angezaliwa kiziwi, maana kutoka kwenye kochi, pale mto ulipokuwa umebonyea ingawa hapakuwa na aliyeukalia, ilitoka sauti ya upole, ya mteja asiyetaka kusumbua, ikauliza, Mas, nichukue ipi, ikanyamaza kidogo kama inayongoja jibu, ikauliza tena, Mas, nakutegemea wewe, na kila ilipouliza joto lilipanda katika koo la Yanuar mpaka akahisi ulimi wake unakauka na kunuka tikiti.

Wakamwita Kiai Muslih, shehe wa mtaa. Alisoma, akapuliza kwenye maji, akasoma tena, harufu ikazidi. Mwishowe akafunga msahafu.

"Huyu si Danang," alisema. "Danang yuko kwa Mola wake. Huyu ni jini, alikuingia pale mbele ya jeneza mdomo wako ulipokuwa wazi na neno halitoki. Chakula chake ni hilo ulilolimeza. Nenda kaliseme kwa mama wa watu, na jini atakufa njaa."

"Na mama asiponisamehe, Pak Kiai?"

"Nimesema atakusamehe? Nimesema ukaseme."

Yanuar akaenda, kwenye hitima ya arobaini. Moyoni alijaa aibu. Kila alipoitikia dua alijisikia mnafiki. Wanaume walipoondoka na vifurushi vyao vya wali, yeye akabaki mkekani. Bu Ngatinah akamletea chai. Mikono yake ilikuwa imejaa vipele vya mbu, kwa kuwa tangu siku ile hajawasha tena ile dawa.

"Wewe ulikuwa unaelewana naye," akasema. "Niambie kweli, mwanangu. Ni mimi?"

Neno lilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Si wewe, Bu. Ni mimi. Yanuar akafungua mdomo, akajisikia akisema, kwa sauti ya upole sana:

"Ni kadari, Bu. Ile dawa ya mbu ni kitu cha hatari, wengi hawajui. Usijilaumu."

Mama akatikisa kichwa polepole, machozi yakimwagika. Akamshukuru. Akamfungia na kifurushi cha pili, ampelekee mkewe.

Huku mtaani wanasema jini ndiye aliyemjibia. Mimi sina hakika, na sidhani kama Yanuar mwenyewe anayo.

Wening alimfungulia mlango. Yanuar akatoa salamu, na pamoja na salamu ukatoka mvuke mweupe mzito, unanukia tikiti, ilhali siku hiyo hakuwa amevuta hata mara moja. Mezani kitambaa kilikuwa kimeanguka chini. Taa ya chaja ilikuwa imegeuka kijani.

"Alhamdulillahi!" Wening akashusha pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Umemwambia, eeh? Ona, Mas, imekwisha. Imejaa."

Yanuar alikaa kwenye kochi ameshika kifua, kilichokuwa kinazidi kupata moto, kwa sababu katika nyumba ile yeye peke yake alijua kwamba chaja ile ikijaa haiachi.