Kifaa Kilicholilia Jina

Jioni hiyo Kalisti alikuwa na safari moja tu: kutoka hospitali ya misheni hadi barabara kuu ya Ushirombo, kupokea boksi lililokuja na basi la Kahama. Jua lilikuwa linazama. Basi lilichelewa saa tano nzima, na lilipofika utingo alimrushia boksi kutoka juu ya keria bila hata kumtazama usoni. Akalidaka kwa kifua. Mtu umengoja kitu wiki tisa, halafu unarushiwa kama kabichi.

Ndani ya boksi mlikuwa na pawa saplai ya kompyuta, kile kisanduku cha bati chenye feni kinachoigawia mashine umeme. Ilikuwa ya pili kununuliwa tangu ile ya asili iungue. Ya kwanza ilifika Februari ya mwaka huo, 1988, mpya, imefungwa nailoni vizuri, na imekufa kabisa. Akairudisha Dar. Duka lililoiuza likajibu kwa radio call ya parokia kwamba wameipima na ni nzima. Akawaambia haiwaki. Wakamuuliza kama ana hakika anajua kuiwasha. Kalisti alikuwa karani wa masjala, mtu mpole, msomaji wa misa ya kwanza, lakini siku ile alitukana kimoyomoyo kwa Kisukuma hadi jasho likamtoka. Mwisho ndipo wakakubali kuleta nyingine.

Wala msidhani alikuwa anahangaikia mashine. Ile kompyuta ilitolewa na wafadhili, na humo ndimo yalimokuwa majina na namba za wagonjwa mia mbili na kumi na wawili wa kifua kikuu. Kadi zao za karatasi? Zilipelekwa stoo siku ile watu walipodhani hazina kazi tena, mchwa wakazimaliza. Na wafadhili hao hao walileta dawa kwa orodha iliyochapwa na mashine tu. Ya mkono waliipokea mwaka uliopita, wakairudisha. Gari la kupeleka orodha Shinyanga lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri. Likiondoka bila orodha, dawa hakuna mpaka miezi mitatu ipite.

Namba themanini na nane katika orodha hiyo alikuwa mke wake, Anisia. Sista Euphrasia, mkuu wa wodi ya kifua kikuu, alikuwa amemwita pembeni akamwambia bila kuzunguka: miezi mitatu mkeo hana.

Nyumbani hakumwita Anisia. Tangu binti yao Limi azaliwe, miaka sita nyuma, alikuwa Mama Limi, asubuhi na jioni. Kulitamka jina lake lenyewe kungekuwa utovu wa adabu, na mdomo wa Kalisti ulikuwa umeshalisahau.

Jenereta ya misheni iliwashwa saa kumi na mbili na nusu na kuzimwa saa tatu usiku, si dakika zaidi. Pantaleo aliyeiangalia alikuwa bahili wa dizeli kuliko padri mwenyewe. Alikuja ofisini akamshikia Kalisti tochi wakati anafunga skrubu nne za kile kisanduku. Kalisti alichomeka plagi, akafuta mikono kwenye suruali, akabonyeza swichi.

Kimya.

Hakuna taa. Hakuna feni. Wiki tisa, na kimya kilekile cha Februari.

Halafu kikaanza.

Iiii...

Sauti nyembamba, ya mbali, ya kitoto kichanga kinacholia nyumba ya tatu. Kalisti akazima swichi. Sauti ikaendelea. Akachomoa plagi ukutani, akaishika mkononi, akasikiliza.

Iiii... iiii...

Na harufu. Haikuwa harufu ya waya unaoungua, hiyo angeijua. Yalikuwa maziwa yaliyochacha, yale yanayobaki kwenye kanga ya mama anayenyonyesha.

Pantaleo alikuwa ameshasogea mlangoni. Akanong'ona, "Bhebhe, wewe, hicho hakijafa. Kinalia. Kipe jina."

Alisema nusu kwa utani, nusu kwa kutaka kuondoka, kisha akaenda kwenye jenereta yake. Lakini Kalisti alielewa. Kwao, mtoto mchanga akilia siku tatu, hana homa na titi halitaki, wakubwa wa ukoo humzunguka wakamtajia marehemu wao mmoja mmoja. Likitajwa la yule aliyerudi, mtoto hunyamaza, na jina hilo ndilo lake. Wanatajwa waliokufa peke yao. Jina la mtu aliye hai halitamkwi mbele ya mtoto anayelia, na hakuna aliyewahi kumweleza Kalisti kwa nini.

Aliichomeka plagi tena. Alijaribu swichi. Alifungua skrubu, akafunga upya. Saa mbili ikapita, kilio kikazidi kupanda, na yeye msomaji wa misa ya kwanza akajikuta amepiga magoti mbele ya kompyuta anataja watu wa ukoo wake.

"Makoye," alisema. Babu yake.

Iiii...

Akamtaja bibi. Akawataja shangazi wawili waliokufa kwa surua. Akamtaja Bartholomeo, baba yake mdogo, aliyefukiwa na shimo la dhahabu Geita na hakupatikana hata kiatu. Hapo sauti ilishuka... ikasikiliza...

Ikapanda tena, kali kuliko kwanza.

Alimaliza wa kwao. Akamaliza wa upande wa mkewe. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Marehemu wakamwishia. Hasira ya miezi yote ikampanda: duka la Dar, utingo, mchwa, wafadhili na mashine yao. Akakipiga kofi kile kisanduku kama anayepiga mtu.

"Sasa unamtaka nani? Anisia afe kwa ajili yako?"

Kikanyamaza.

Taa ya kijani ikawaka. Feni ikaanza kuzunguka, polepole, kama inavuta pumzi.

Kalisti alijua alichofanya. Swichi ilikuwa palepale, angeweza kuzima. Lakini majina yalikuwa yanapanda kwenye kioo, mamia ya watu, na zilibaki dakika ishirini na tano. Alichapa.

Karatasi ilipotoka akaikimbilia namba ya mkewe. Themanini na saba alikuwa Mektilda wa Bukombe. Chini yake themanini na tisa. Akarudi kwenye kioo akaandika upya, herufi moja moja, jina la Anisia. Lilikaa. Halafu herufi zikaanza kuondoka, ya kwanza ikitangulia, kwa mwendo uleule alioziandikia.

Saa tatu. Jenereta ikazimwa.

Alikimbia nyumbani gizani. Alimkuta Limi amekaa karibu na mafiga, na mama yake amelala kwenye mkeka, mwiko bado mkononi. Limi akaeleza kwamba mama alikuwa anakohoa, halafu akaacha ghafla, akacheka, akasema ana njaa, akaanza kupika. Taa za misheni zilipozimika akalala, tena alikuwa anaongea, neno halikuisha.

Kesho yake orodha ilikwenda Shinyanga na watu mia mbili na kumi na mmoja. Kalisti alikuwa ameongeza jina la mkewe kwa kalamu, akijua litarudishwa, na kweli lilirudishwa. Mama Limi hakuamka asubuhi. Hakuamka mchana. Sista Euphrasia alimpima akasema mapafu ni safi, hajawahi kuona mapafu safi hivyo. Saa kumi na mbili na nusu jioni, Pantaleo alipowasha jenereta na mtu akabonyeza ile swichi ofisini, Mama Limi aliinuka, akaomba ugali, akala sahani mbili. Alikuwa mzima, mwenye nguvu, mcheshi. Kitu kimoja tu. Mumewe alipomwita kwa kumjaribu, polepole, "Anisia," hakugeuka. Aliuliza ni mgeni gani anayetafutwa.

Saa tatu akalala kwa mkupuo.

Kalisti alihitaji siku tatu kuamini. Akaenda kumwomba Padri Gregory jenereta iwake usiku na mchana, na padri, mtu mwema, akamuuliza dizeli hiyo itatoka wapi. Basi akawa anawasha mashine kila jioni, anatoka mbio kwenda nyumbani kukaa na mkewe saa mbili na nusu anazopewa. Usipime hasira ya mtu anayemuona mkewe kwa dizeli ya kanisa.

Wiki ya tatu, asubuhi moja alipokuwa nyumbani anamgeuza mkewe ubavu ili asipate vidonda, fundi kutoka Mwanza alifika misheni. Padri ndiye aliyemwita, kwa nia njema, maana watu walimwambia kile kifaa kiliwahi kutoa sauti. Fundi alikuja na pawa saplai ya tatu, akaifunga kwa dakika kumi, Pantaleo akamwashia jenereta kidogo kwa amri ya padri, ikawaka bila kelele. Akaifungua ile ya zamani akacheka. Ndani waya zilikuwa zimekatika tangu kiwandani. Alimwambia padri, "Hii haijawahi kuwaka hata siku moja." Akaifunga, akaitia kwenye boksi lake, kwa sababu masharti ya duka yalikuwa hayo: kizima kikitolewa, kibovu kirudi Dar.

Kalisti alipofika ofisini boksi lilikuwa limeondoka na basi la asubuhi. Miezi yote aliyolia abadilishiwe kifaa, na sasa alikuwa amebadilishiwa. Jioni jenereta ilipowashwa, aliwasha ile mpya. Akakimbia nyumbani. Mama Limi hakuinuka.

Alilala siku kumi na moja. Alipumua, hakukohoa, hakukonda. Siku ya kumi na moja Kalisti alikaa kwenye radio call kutwa nzima mpaka Dar wakapatikana, na akawasihi wamrudishie kile kifaa chao kibovu, atakinunua. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ileile ya siku zote.

"Kibovu kipi? Tumekipima, ni kizima. Tumeshakiuza."

"Mmemuuzia nani?"

"Mteja wa taslimu. Hatukuandika jina."

Kesho yake, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Kalisti akiwa anafunga vifungo vya shati, Mama Limi alikaa kitandani akauliza kama kuna uji. Alifua. Alimsuka Limi. Aliimba. Saa tisa na nusu alasiri alianguka uani na ufagio wake, amelala. Jumatano vivyo hivyo, saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu. Alhamisi. Ijumaa. Kalisti, ambaye mwenyewe ni mtu wa ofisi, alizitambua hizo saa, akakaa chini kwenye kizingiti cha mlango.

Jumamosi na Jumapili hakuamka.

Siku ya Saba Saba pia hakuamka. Mahali fulani katika nchi hii kuna mtu anayefika kazini, anavua koti, anabonyeza swichi, na huko Ushirombo mwanamke anafumbua macho. Pantaleo anaamini hivyo. Sista Euphrasia anasema ni ugonjwa wa usingizi wa aina ambayo bado haijaandikwa vitabuni. Kalisti habishani na yeyote kati yao.

Kila Jumapili jioni watu humkuta kanisani amepiga magoti, wakadhani anamwombea mkewe apone. Anamwombea mtu asiyemjua, katika ofisi asiyoijua: asiugue, asifukuzwe kazi, na asije akachukua likizo.