Mgao wa Chepchumba

Atuti ndiye aliyegundua kwanza kwamba chumba kitupu kinakula.

Hakikuwa chumba cha mawe. Ofisi yao mjini Kericho ilikuwa na kompyuta kuu moja, kubwa kama kabati, na ndani yake ilikuwa imegawanywa vyumba: kimoja cha viwanda vya majani chai, kimoja cha shule, kimoja cha hospitali ndogo upande wa Chepseon. Kila chumba kilijiona kina mashine yake, lakini ubongo ulikuwa mmoja, na kila kimoja kilipewa mgao. Kimoja kikilala, kingine kinaazima nguvu zake. Kikiamka, kinarudishiwa.

Hospitali ilikuwa imehamia mashine nyingine, na chumba chake hakikuwa na kazi tena. Hata hivyo kila alasiri, mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, kilichukua mgao wake wote.

"Molly, sikiza," Atuti akamwambia mwenzake polepole. "Hiyo ni feni kweli?"

Mashine ilivuta pumzi, ikaishika, ikaiachilia, kama mama aliye na uchungu wa kuzaa. Molly akasema ni feni. Alikuwa mjamzito, akashika tumbo lake na kuangalia kando.

Alijua ni nani. Siku ile viwanda vilipofunga hesabu za msimu, kabla hospitali haijahama, kazi ilisongamana, miguu yake ilivimba, na alitaka kufika nyumbani mapema. Akaibana hospitali kwa mgao mdogo kabisa, isiweze kuazima hata nguvu zilizolala bure, ili viwanda vimalize. Vilimaliza. Akachukua mwavuli wake akaenda, akasahau kuifungulia. Jioni hiyo mama mmoja, Chepchumba, alijifungua akavuja damu sana, na muuguzi akakaa mbele ya skrini iliyoganda akitafuta damu ya aina yake iko wapi. Jibu lilipokuja, Chepchumba alikuwa amekata roho. Asubuhi Molly alirudisha mgao kimya kimya. Mkubwa wao alipouliza nani aliugusa, alisema hajui.

Sasa pumzi ilizidi. Ikaja na harufu ya spiriti ya hospitali, na chini ya spiriti harufu ya damu, ikashika sweta zao na chai yao ya saa kumi, mpaka Atuti akakataa kuingia peke yake, akasema kwao Kisii kitu kama hicho hakiitwi feni, kinaitwa jini, na akaenda mwenyewe kumleta mchungaji Ogada.

Mchungaji aliweka mkono juu ya mashine, akauondoa haraka.

"Huyu ana neno na mtu," alisema. "Nikimfukuza kabla huyo mtu hajasema, atatafuta mahali pengine pa kukaa. Kuna mwenye neno?"

Atuti akamtazama Molly. Molly akatazama sakafu.

Basi mchungaji akaomba, na Atuti akakifuta kile chumba. Pumzi ikakatika. Harufu ikaisha. Katika ule utulivu mtoto aligeuka tumboni mwa Molly, kwa nguvu, kama mtu anayesogea ili mwingine apate nafasi.

Alizaliwa msichana. Mumewe Molly, Kipkurui, ni Mkipsigis, na kwao mtoto huitiwa majina ya wafu wa ukoo. Akipiga chafya, huyo aliyetajwa ndiye amerudi. Mama mkwe alimpitishia ugoro puani, akaita bibi huyu, akaita shangazi yule. Mtoto alilala tu. Wanawake wakaanza kutaniana kwamba huyu anaringa, labda anangoja kuitwa kwa Kijaluo cha mamake. Majina yakaisha.

"Chepchumba," Molly akanong'ona, na hakujua midomo yake ilifunguka vipi.

Mtoto akapiga chafya.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe akainama karibu, akicheka bado.

"Huyo Chepchumba ni wetu wa wapi?"

"Si wenu, mama. Ni wangu," Molly akasema. "Mimi ndiye nilimnyima."

Hakuna aliyesikia, walikuwa wameanza kuimba. Mtoto alikuwa amelala tena kifuani pake, ananukia spiriti, na kifua chake kidogo kilipanda na kushuka, kisha, kabla ya zamu yake mwenyewe kufika, kikapanda tena polepole, kikashika pumzi, na kuiachilia kama mtu mzima.