Chupa za Chini ya Mikorosho

Ulikiona. Kile kipande cha chupa njiani, ulikiona kinang'aa, ukakiruka, ukaenda zako. Nyuma yako alikuwa anakuja mtu asiyeona. Hukumwambia hata neno.

Mtu huyo ni kama Bibi Dorothy wa Makote. Macho yake yamefifia. Huona mwanga na rangi kali tu. Lakini korosho anaokota. Anakaa chini ya mti, anapapasa majani kwa viganja, anaipata korosho, anainyofoa kwenye bibo lake. Mkwewe Severina huokota mti wa pili.

"Nyie wenye macho mnaokota mpaka mawe," bibi humtania.

Msimu huu alipapasa, akauvuta mkono ghafla. Severina alipogeuka aliona damu kwenye majani. Ilikuwa chupa. Watu walikunywa uraka, pombe ya mabibo, pale, wakaivunja. Kisha Severina alipofagia shamba, aliisukumia shinani na kuifunika majani, kama wafanyavyo wengi. Wanadhani majani yakioza, na chupa itaoza.

Zamani chupa ilikuwa na heshima. Ilibeba mafuta ya taa, ilibeba asali, iliazimwa ikarudishwa. Plastiki ilipofika tukaidharau. Tukaigeuza mtego.

Kidonda kilishonwa, kikapona. Lakini bibi hakutaka tena shamba. Alikaa chumbani gizani, mikono mapajani.

"Mikono ndiyo macho yangu, mwanangu," alisema. "Nikiipoteza, nabaki na nini?"

Severina alimwendea jirani yao Awadhi, fundi anayepamba kuta kwa chupa huko Newala mjini.

"Mama Yoeli, chupa haiozi," Awadhi alisema. "Wajukuu wa mwanao Yoeli wataikanyaga. Itoe. Vaa gambuti na glavu nene. Tumia reki, mkono usiiguse kabisa. Weka kwenye ndoo, maana kiroba kitatoboka."

"Nikishaitoa niitupe wapi? Kwako?"

"Ndiyo, kwangu. Chumba cha bibi kina giza mno."

Severina akatoa chupa mti kwa mti. Majirani walicheka, kisha wakaleta za kwao. Chupa nzima walizisafisha, wakazikausha, wakaziba midomo kwa saruji ili wadudu wasiingie. Zilizovunjika, Awadhi alivaa miwani na glavu, akasugua kingo zake kwenye jiwe lililolowa.

"Kwa nini maji?" Severina aliuliza.

"Vumbi la chupa likiingia kifuani halitoki."

Awadhi akatoboa ukuta wa mashariki wa chumba cha bibi. Akazilaza chupa kama matofali, vitako vikiangalia ndani, saruji katikati. Akafuta kila kitako kabla saruji haijakauka. Vile vipande alivipachika ukutani nje, vikawa picha ya mkorosho wenye mabibo ya kahawia.

"Mnanijengea jela?" bibi aliuliza.

"Shikamoo, bibi. Subiri asubuhi," Awadhi alisema.

"Marahaba. Nasubiri, niende wapi?"

Asubuhi jua likapanda. Chumba kikawaka. Kijani kilimwagika sakafuni, kahawia ikapanda kitandani, duara kwa duara, kama kitu kinachopumua. Severina alisimama mlangoni. Uji uliungua jikoni, hakuna aliyekwenda. Awadhi, aliyejenga kuta nyingi, alivua kofia.

Bibi akanyoosha mkono. Kovu lake likageuka kijani.

"Hii ni kijani," alisema polepole. Akausogeza mkono. "Na hii ni rangi ya asali. Mmeitoa wapi?"

"Shambani, mama. Ni zile chupa."

"Zote zilikuwa chini ya miti yangu?"

"Nyingi. Nyingine wameleta majirani."

Bibi aligeuza kiganja ndani ya rangi, nyuma na mbele.

"Na sasa hazipo?"

"Hazipo. Nimepita kila mti."

"Basi nipe kapu langu," bibi alisema. "Mwenye macho utaniokotea mawe tu."

Siku hiyo alipapasa majani mpaka kapu likajaa. Mikono ilirudi mizima.

Na wewe, funga kitabu. Vaa viatu, shika reki, beba ndoo. Kile kipande ulichokiruka bado kipo palepale, na kuna mkono unakuja. Nenda ukakitoe sasa hivi.